Damu inavyotembea kwenye ateri: maswali yanayoulizwa kila siku

Maswali haya yanarudi kila mtu akitoka kupima presha na kikaratasi chake mkononi, na yanarudi tena kila mwanafunzi wa sekondari akifika mada ya mzunguko wa damu akakuta kitabu kimechora njia damu inakopita ila hakijasema inasukumwaje na inakwama wapi. Nimeanza na ya msingi, yale magumu yako chini. Hapa tunaongelea fizikia, siyo tiba, kwa hiyo dawa uliyoandikiwa endelea nayo.

## Ya msingi

Damu inasukumwa na nini hasa?

Moyo ndo pampu, sawa, ila kinachoifanya damu itembee ni tofauti ya presha kati ya sehemu moja na nyingine, siyo ukubwa wa presha peke yake. Kwenye aota, ile ateri kubwa inayotoka moyoni (ateri ni mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni), wastani wa presha ni kama milimita 93 za zebaki, na damu ikishazunguka mwili mzima ikarudi upande wa kulia wa moyo presha imebaki karibu na sifuri, yani yote imeishia njiani kwenye msuguano.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia unatoa kama mililita 70 kila pigo, zidisha kwa mapigo 70 unapata karibu lita 5 kwa dakika, na damu yote uliyonayo mwilini ni kama lita 5 hizohizo! Kwa siku inazidi lita 7,000. Sasa chukua presha uzidishe na mkondo, yani kiasi cha damu kinachopita kila sekunde (paskali 12,400 mara mita za ujazo 0.000083 kwa sekunde) unapata wati 1 hivi. Wati moja tu, mchana na usiku, miaka yote ya uhai wako. Hesabu hii nimeirudia mara nyingi na bado inanishangaza.

120/80 maana yake ni nini?

Namba ya juu ni presha ya kileleni, pale moyo unapokamua. Namba ya chini ni presha ilipofika chini kabisa, kabla tu ya pigo linalofuata. Wastani wake siyo 100 kama wengi wanavyojumlisha na kugawa kwa mbili, kwa sababu moyo ukiwa umetulia unakaa muda mrefu zaidi kwenye kupumzika kuliko kwenye kukamua, kwa hiyo tunachukua namba ya chini tunaongeza theluthi ya tofauti: 80 + 13 = 93.

Kuhusu zebaki: Mwingereza Stephen Hales aliandika mwaka 1733 jinsi alivyomchomeka farasi jike bomba refu la kioo kwenye ateri, damu ikapanda zaidi ya futi 8, yani kama mita mbili na nusu. Hata kwa binadamu, 120 ni sawa na safu ya damu ya mita moja na nusu hivi. Kifaa cha urefu huo kingesumbua, ndo maana Mfaransa Poiseuille mwaka 1828 akatumia zebaki, ambayo ni nzito mara 13.6 kuliko maji, safu ikafupika. Mashine za siku hizi nyingi hazina tone la zebaki ila kipimo kimebaki.

Mbona namba ya chini haishuki hadi sifuri wakati moyo umepumzika?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu likieleweka mengine yanafunguka. Watu wengi kichwani wana picha ya bomba la chuma: pampu ikizima, maji yanasimama hapohapo. Ateri haiko hivo, ukuta wake unanyumbulika. Moyo ukikamua, sehemu kubwa ya ile damu haiendi mbele mara moja, inaitanua aota kwanza. Afu vali ya aota inafunga, damu haiwezi kurudi moyoni, na ukuta uliotanuka unajirudi na kuisukuma damu mbele wakati moyo unajaza upya. Kwa hiyo pampu inayofanya kazi kwa vipindi inatoa mkondo usiokatika, na sehemu ya kusukuma inafanywa na ukuta wa mshipa. Mjerumani Otto Frank aliiwekea hesabu mwaka 1899.

Na kuna kiungo kinachotegemea kipindi hicho cha kupumzika kuliko vingine vyote: moyo wenyewe. Misuli ya upande wa kushoto ikikamua inaibana mishipa yake yenyewe, hivo damu nyingi inaingia kuilisha pale inapolegea. Mapigo yakienda mbio sana muda huo unafupika.

Pigo ninalolishika kwenye kifundo cha mkono ndo damu inapita?

Hapana. Unachokishika ni wimbi la presha linalosafiri kwenye ukuta wa ateri, linakwenda kama mita 5 hadi 10 kwa sekunde, linafika kwenye kifundo cha mkono kwa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Damu yenyewe iko nyuma sana, kwenye aota wastani wake ni kama sentimita 17 kwa sekunde. Ile damu iliyotoka moyoni kwenye pigo unalolishika sasa hivi itachukua sekunde kadhaa kufika hapo kwenye kidole chako.

## Upana wa mshipa

Kwa nini mshipa ukipungua kidogo tu inakuwa kesi kubwa?

Kwa sababu ya kipeo cha nne. Poiseuille huyohuyo, miaka ya 1840, alipitisha maji kwenye vibomba vyembamba vya kioo kwa uvumilivu wa ajabu akakuta mkondo unategemea nusu kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne. Siyo mara mbili kama eneo la duara, mara nne. Mjerumani Hagen alikuwa amefikia jambo hilohilo mwaka 1839.

Weka namba uone. Nusu kipenyo kikipungua asilimia 10, kinabaki 0.9, kipeo cha nne ni 0.656, yani umepoteza theluthi nzima ya mkondo kama presha haijabadilika. Kikibaki nusu, ukinzani, yani ugumu wa damu kupita, umepanda mara 16. Na upande wa pili, kikiongezeka asilimia 20 tu, mkondo unazidi mara mbili. Presha haina nguvu ya namna hiyo, wala unene wa damu, wala urefu wa mshipa, hivo vyote vinakwenda moja kwa moja: ukiongeza presha mara mbili unapata mkondo mara mbili, basi.

Mwili unaijua hesabu hii. Ateri ndogo kabisa, zile za kabla ya kapilari (vimishipa vyembamba kuliko vyote), zina misuli ya kubana na kulegea, na hapo ndo presha inaposhuka kwa kishindo, kutoka kwenye tisini na kitu hadi kama 35. Ukikimbia, za miguuni zinafunguka, za tumboni zinabana. Na presha ya kupanda kwa wagonjwa wengi inakaa hapohapo, kwenye vimishipa vidogo vilivyobana kuliko inavyotakiwa, ndo maana dawa nyingi za presha kazi yake ni kuvilegeza.

Kwa hiyo mafuta yakiziba nusu ya ateri kubwa, damu inapungua mara 16?

Wanafunzi wanaanguka sana hapa. Ukinzani wa kile kipande kilichoziba unapanda mara 16 au zaidi, ndiyo, lakini ateri kubwa mwanzoni ukinzani wake ulikuwa kidogo mno ukilinganisha na wa zile ndogo zinazofuata. Tena zile ndogo zikihisi upungufu zinalegea kufidia. Matokeo yake mtu anaweza kuwa na ateri ya moyo iliyopungua kipenyo kwa nusu na akikaa kwenye kiti hasikii kitu. Akipanda ngazi ndo balaa linaonekana, kifua kinabana, kwa sababu zile ndogo zilishalegea kufidia na nafasi ya kuongeza zaidi imebaki ndogo.

Ndo maana maumivu ya kifua yanayokuja na kazi na kuondoka ukipumzika siyo ya kusikilizia nyumbani. Nenda hospitali. Na yakija ukiwa umetulia na hayaondoki, nenda saa hiyohiyo.

Kwenye sehemu nyembamba damu inaenda mbio au taratibu?

Inategemea unaongelea wembamba gani. Ateri moja ikiwa na kipande kimoja chembamba, damu ileile inayoingia lazima itoke, kwa hiyo hapo inaenda mbio, na wataalamu wa altrasaundi wanatumia mbio hizo kujua pameziba kiasi gani.

Kapilari ni habari nyingine. Moja moja ni nyembamba kiasi kwamba seli nyekundu yenye upana wa kama maikromita 8 mara nyingi inajikunja ndo ipite, ila ziko mabilioni, na ukijumlisha maeneo yake unapata kama sentimita za mraba 2,500, wakati aota ina 5 hivi. Mkondo ni uleule wa mililita 83 kwa sekunde, gawanya kwa 2,500, unapata theluthi ya milimita kwa sekunde. Taratibu hiyo ndo inatoa nafasi ya oksijeni kutoka na uchafu kuingia.

Kwa nini mafuta yanapenda kujaa kwenye panda za mishipa, kama shingoni?

Kwa sababu damu inavyopita inaukwaruza ukuta, na ukuta unahitaji kukwaruzwa. Seli za ndani ya ateri zinahisi msuguano huo na zikiupata vizuri zinatoa gesi ya nitriki oksaidi inayolegeza mshipa na kuutunza (Furchgott, Ignarro na Murad walipata Nobeli mwaka 1998 kwa kazi ya gesi hiyo). Sasa ateri ya shingoni inapogawanyika, kwenye ukuta wa nje wa ile panda damu inazubaa, inazunguka, inarudi nyuma kidogo afu inasonga. Msuguano unakuwa mdogo na usioeleweka, seli zinabadilika tabia, zinapitisha mafuta kwa urahisi. Lehemu (kolesteroli) nyingi, sigara, kisukari na presha vinaathiri mishipa yote, ila umbo la mkondo linaamua uharibifu uanzie wapi.

Limau na kitunguu swaumu vinayeyusha mafuta kwenye mishipa?

Naulizwa hili karibu kila wiki, na anayeuliza mara nyingi ana mzazi mgonjwa, kwa hiyo nalijibu kwa heshima. Yale mafuta hayajagandia juu ya ukuta ambapo kitu kinaweza kupita kikayaosha. Yako ndani ya ukuta wenyewe, yamefunikwa na tabaka la seli na nyuzi. Limau halifiki kwenye damu likiwa tindikali, mwili hauruhusu. Kula kitunguu swaumu kama unakipenda, lakini usimwachishe mzazi dawa ya presha au ya lehemu.

## Unene wa damu

"Damu nzito" ni kitu cha kweli?

Ndiyo, mnato, yani jinsi damu inavyokataa kutiririka, unapimika. Damu nzima ina mnato kama mara 3 hadi 4 ya maji, na kinachouamua zaidi ni wingi wa seli nyekundu, ambazo kwa kawaida ni asilimia 40 hadi 45 ya ujazo wa damu. Zikiongezeka, mnato unapanda, na baada ya asilimia 50 unapanda kwa kasi.

Wanariadha wanaokaa Iten kule Kenya, kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, miili yao inaongeza seli nyekundu kwa sababu hewa ya juu ina oksijeni kidogo. Hapo kuna mvutano: seli nyingi zinabeba oksijeni nyingi, ila damu inakuwa nzito kusukuma. Mwili ukiachwa unajiwekea kiasi, wale wanaojidunga dawa za kuongeza seli wanakivuka hicho kiasi na damu inaweza kuganda.

Halafu damu ina tabia maji hayana: ikienda mbio inakuwa nyepesi, ikizubaa inakuwa nzito, kwa sababu seli zikitulia zinashikana. Na kwenye vimishipa vyembamba seli zinajikusanya katikati, plazma (ule umajimaji wa damu) inabaki pembeni, mnato unaonekana kupungua. Fåhraeus na Lindqvist wa Uswidi walilionyesha hilo mwaka 1931. Bila hivo moyo ungefanya kazi kubwa zaidi.

Selimundu inaingiaje hapa?

Tatizo kubwa ni ugumu wa seli. Seli nyekundu ya kawaida ni laini, inajikunja ikapita kwenye kapilari (nimeeleza kwenye swali la mbio au taratibu). Ya selimundu ikipoteza oksijeni inakakamaa, haijikunji, inakwama, zinazofuata zinakwama nyuma yake, na kadiri zinavyokaa hapo ndo zinapoteza oksijeni zaidi na kukakamaa zaidi. Ni mduara mbaya, na yale maumivu makali wanayopata watoto wetu ni sehemu za mwili zinazokosa damu. Maji ya kutosha na kukwepa baridi vina sababu ya kifizikia kabisa: seli ikikauka inakakamaa haraka, na baridi inabana mishipa.

Kunywa maji mengi kunashusha presha?

Ukiwa umepungukiwa maji, kunywa, mnato utarudi mahali pake. Ila ukiwa nayo ya kutosha ya ziada unayakojoa tu.

Mtu mwenye upungufu wa damu moyo wake unavuma, mbona vali zake ni nzima?

Mkondo ukiwa umetulia unakwenda kwa matabaka na hausikiki. Ukivurugika unatoa sauti. Osborne Reynolds, Manchester, 1883, alionyesha kwamba mvurugiko unategemea kasi mara kipenyo mara uzito wa kimiminika, ugawanye kwa mnato, na kwenye bomba lililonyooka mambo yanaanza kuharibika namba hiyo ikizidi 2,000 na kitu. Mwenye upungufu wa damu amepigwa pande zote mbili: mnato umeshuka kwa sababu seli ni chache, na kasi imepanda kwa sababu moyo unasukuma zaidi kufidia oksijeni. Namba inapanda, damu inavuma. Damu ikirudi kawaida mvumo huo mara nyingi unaisha.

## Kupima

Muuguzi anasikiliza nini kwenye kiwiko?

Mvurugiko huohuo. Mkanda ukibana kuliko namba ya juu ateri imefungwa, kimya. Ukilegezwa kidogo kuna damu inachoropoka kila kilele cha pigo, inavurugika, unasikia "tap", hiyo ndo namba ya juu. Ukiendelea kulegeza mshipa unabaki wazi muda wote, sauti inapotea, hiyo namba ya chini. Mkanda aliuleta Mwitaliano Riva-Rocci mwaka 1896, na sauti akazieleza daktari Mrusi Korotkov mwaka 1905. Mashine za betri hazisikilizi, zinapima mtikisiko wa presha ndani ya mkanda afu zinakadiria.

Kweli mkono ukining'inia namba inapanda?

Kweli, na ni uzito wa damu tu. Kila sentimita 10 chini ya moyo inaongeza kama milimita 7 hadi 8 za zebaki. Mkono uliolala pajani badala ya mezani unaweza kukupa presha ya kupanda ambayo huna. Omba meza. Mkanda uwe kwenye usawa wa moyo, na kama una mkono mnene omba mkanda mkubwa, maana mdogo unaongeza namba. Usiongee wakati unapimwa.

Tofauti ndogo kati ya mkono wa kulia na wa kushoto ni kawaida. Ikizidi 15 kila ukipima, mwambie daktari, inawezekana ateri ya upande mmoja ina shida.

## Umri

Mama ana 165/70. Namba ya chini ni nzuri kabisa, mbona daktari ana wasiwasi?

Kwa sababu huo mwachano wa 95 unasema ukuta wa aota umekakamaa. Rudi kwenye swali la namba ya chini kutoshuka hadi sifuri: aota laini inameza sehemu ya pigo afu inairudisha taratibu. Ikikakamaa haimezi, kwa hiyo kilele kinapaa, na ikishindwa kumeza haina cha kurudisha, kwa hiyo chini inashuka. Namba ya chini "nzuri" hapo ni sehemu ya tatizo lenyewe.

Kuna la pili. Wimbi la pigo likifika kwenye panda na mishipa midogo sehemu yake inarudi nyuma. Kwa kijana wimbi ni la taratibu, mrudio unafika moyoni baada ya vali kufunga na unasaidia kulisha moyo. Kwenye ukuta mkavu wimbi linakimbia (Thomas Young aliihesabu kasi hiyo mwaka 1808, wimbi linakwenda mbio ukuta ukiwa mgumu), likizidi mita 10 kwa sekunde madaktari wanalichukulia ni dalili mbaya, na mrudio unaukuta moyo bado unakamua, unausukumia mzigo juu ya mzigo. Misuli inanenepa, na mapigo makali yanafika hadi kwenye mishipa midogo ya ubongo na figo. Kwa hiyo dawa ya mama ina maana, mpeleke kliniki.

Kizunguzungu nikisimama ghafla?

Damu kama nusu lita inateremkia miguuni kwenye vena (mishipa inayorudisha damu moyoni), moyo unapata kidogo cha kusukuma. Vihisio vya shingoni vinarekebisha ndani ya sekunde chache. Kwa wazee na wanaotumia dawa za presha vinachelewa, wasimame kwa hatua, wakae kwanza kitandani.

## Maswali ya pembeni

Twiga anafikishaje damu kichwani?

Kwa presha ambayo kwetu ingekuwa ya hatari. Kichwa chake kiko kama mita 2 juu ya moyo, na kila mita moja ya damu inakula milimita 77 za zebaki, kwa hiyo zaidi ya 150 inaishia kupanda shingo tu. Wastani wake kwenye usawa wa moyo ni kama 200, mara mbili yetu. Ukuta wa moyo wake wa kushoto ni mnene sana, na ngozi ya miguu imekaza ili damu isijae huko chini.

Ateri iliyotuna, kwa nini inazidi kutuna yenyewe?

Mvuto kwenye ukuta ni presha mara nusu kipenyo, hesabu ya Laplace. Sehemu ikitanuka kidogo nusu kipenyo kinaongezeka, mvuto unaongezeka bila presha kubadilika, ukuta unazidi kulegea na kutanuka. Ndo maana hawasubiri hadi iume. Aota ya tumboni kwa mwanaume ikifika sentimita 5.5 kwa kawaida operesheni inajadiliwa. Na ndo maana pia kapilari, yenye ukuta wa seli moja tu, haipasuki: nusu kipenyo chake ni kidogo mno.

Mtu anaweza kuishi bila pigo?

Anaweza, na wapo. Wagonjwa ambao moyo umechoka kabisa wanaweza kuwekewa pampu ndogo inayozunguka muda wote na kusukuma damu kutoka kwenye moyo kwenda kwenye aota bila vipindi. Baadhi yao ukiwashika kifundo cha mkono hupati kitu, na wanaongea na wewe vizuri tu. Hapo namba ya juu na ya chini zimekaribiana sana, mashine ya kawaida inakosa mtikisiko wa kuushika na mara nyingi inaandika kosa, kwa hiyo wanapimwa kwa mkanda wa mkono pamoja na kifaa cha altrasaundi kinachosikiliza damu ikianza kupita, na wanaandikiwa namba moja.